Mwalimu wa Taipu na Saa ya Mji wa Kale

Mwaka wa 1971, nikiwa na umri wa miaka kumi, baba yangu alifariki na mjomba akasema shule basi. Nilikuwa darasa la tatu. Niliketishwa mkekani, nikapewa sindano na uzi, nikafundishwa kutarizi kola za kanzu, na tangu hapo kila tonge lililoingia kinywani mwangu nimelishonea mwenyewe. Nayasema haya mwanzo ili anayesoma ajue kuwa anayeandika si mtu wa vitabu. Herufi nilizozipata darasani zilinitosha kusoma kibao cha duka na karatasi ya dawa. Kiingereza changu ukikimimina katika kikombe cha kahawa, kikombe hakijai, na vikombe vyetu vya kahawa mwaujua udogo wake.

Basi. Ninayetaka kumweleza ni Mwalimu. Alikuwa na jina lake na la babake, na alizaliwa mahali fulani huko bara, lakini hayo sikumuuliza naye hakuniambia. Uchochoroni kwetu, nyuma ya Ndia Kuu, ukisema Mwalimu hakuna aliyekuuliza yupi, japo walimu walikuwa wengi. Alipanga vyumba viwili vya ghorofani katika nyumba inayotazamana na duka langu, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kufundisha wasichana kupiga taipu. Madirisha yalikuwa wazi, na sisi huku chini tulishona kwa mlio wake: ta-ta-ta-ta, kengele, halafu sauti yake, "Nani ametazama mikono?" Wasichana aliwafunika mikono kwa taulo wasione vibonye. Aliyeinua taulo alirudishwa mwanzo wa ukurasa.

Alikuwa Mkristo, mrefu, mwenye viatu vya kufunga kamba kama vya askari hata jua likiwa kali vipi. Alikuja Mombasa akiwa msichana, kufanya kazi katika ofisi za reli, na hata alipozeeka bado alizungumza kama aliyeteremka kwenye gari la moshi asubuhi ileile. Salamu zetu zilimchosha. Sisi mtu akija twamuuliza hali, twamuuliza watoto, twamuuliza wazee, na aliye mgonjwa twamtaja kwa jina. Yeye husimama mlangoni akigonga kiatu chini.

"Mama Athmani, nimekuja kufanya kazi. Sikuja kuhesabu wagonjwa."

"Kazi itangoja. Mamako hajambo?"

"Mama alikufa zamani, nimekuambia."

"Mungu amrehemu. Na dada yako?"

"Mama Athmani!"

"Haya, karibu ndani."

Tulikuwa hivyo. Sikumpenda mwanzo, na sidhani yeye alinipenda. Aliniona mkaidi. Mimi nilimwona ana maringo ya mtu aliyezoea kuogopwa na watoto wa wenzake. Sote wawili tulikuwa sahihi.

Chukua habari ya paka. Mji wa Kale una paka wengi kuliko watu, na Mwalimu aliwachukia kwa dhati. Akiwaona ngazini alipiga kelele mpaka majirani wakatoa vichwa. Aliwaita wezi, aliwaita washenzi, alisema angekuwa yeye ndiye mkubwa wa mji angewapakia wote katika meli pale Mbaraki waende zao. Lakini jioni ikifika, dirisha lake hufunguka kidogo, na vichwa vya samaki huanguka chini, kimoja kimoja, vimechemshwa na kutolewa miba mikubwa. Nilimuuliza siku moja, "Hawa si maadui zako?" Akanijibu, "Adui akiwa na njaa anapiga kelele usiku. Ninanunua usingizi wangu."

Nimtoe hapo, niseme jinsi alivyoingia dukani kwangu akakaa.

Vidole vyangu vilianza kufa ganzi. Kwanza dole gumba la kulia, kisha viwili vinavyofuata. Kutarizi kola ya kanzu ni kazi ya kuhisi uzi kabla hujauona, na mimi sikuuhisi tena. Nilijaribu kubana sindano kwa meno ya koleo, nikajidunga, nikaiacha. Hapo ndipo niliposikia Mhindi mmoja mshonaji anafunga duka lake anahamia kwa watoto wake ng'ambo. Nikainunua mashine yake ya kutarizi. Ilikuja na laptopu yake, ya rangi ya jivu, nene kama matofali mawili, na waya mnene unaozishika hizo mbili pamoja. Mhindi aliniambia, "Mama, mashine hii haina akili yake. Akili iko humu. Na haisikii kompyuta nyingine yoyote, nimejaribu." Kisha akaondoka, hata kunionyesha pa kuiwashia hakunionyesha.

Ndani ya mashine yenyewe mlikuwa na maua yake tu, mawaridi ya kupambia pindo za sari. Sasa nikuulize, bwana harusi wa Mombasa atavaa kanzu ya mawaridi?

Nakshi zangu hazikuwa mahali popote. Nyingine alinifundisha shangazi, nyingi nilizibuni mwenyewe, na zote zilikaa vidoleni. Hazikuwahi kuchorwa kwenye karatasi. Mimi nikitarizi nilikuwa nahesabu tundu za kitambaa, mkono waenda wenyewe. Kwa hiyo vidole vikifa, nakshi zimekufa, na duka limekufa. Hakukuwa na jambo jingine. Ama nijifunze kuiambia kompyuta yale yaliyomo mikononi mwangu kabla mikono haijasahau, ama nifunge.

Mwanangu Athmani alitaka nifunge. Si mtoto mbaya. Ana kazi yake nzuri bandarini na ana huruma, na huruma yake ndiyo iliyonichoma.

"Mama, umefanya kazi tangu mtoto. Pumzika sasa. Duka tulikodishe kwa wauza vinyago, watalii wapita hapa kila siku."

"Vinyago? Katika duka langu?"

"Ni vizuri tu, mama. Twiga na nini."

"Athmani, kanzu uliyoolea ilitoka duka hili. Twiga atamvika nani?"

Nikaifunga ile laptopu kwa kanga, nikaibeba mpaka kwa vijana wa maduka ya kompyuta huko barabara kubwa, nje ya Mji wa Kale. Wakaifungua, wakaitana, wakaja wengine kutazama. Mmoja akasema, "Bibi, hii ipelekwe Ngomeni ikae na mizinga." Wakacheka. Wa pili, mwenye adabu kidogo, akanieleza kuwa mfumo uliomo ni wa zamani, wa kabla hata ya picha, hakuna anayeujua, na kwamba ninunue mpya. Nikamuuliza mpya itaisikiza mashine yangu? Akautazama waya, akasema hapana. Nikamwambia basi mpya naitakia nini. Nikaifunga tena kanga yangu nikarudi.

Mwalimu alikuwa dirishani.

"Umebeba nini, Mama Athmani?"

"Mzinga."

Akashuka. Nikaifunua mezani, nikamweleza waliyosema vijana. Hakuigusa. Aliinama akaitazama ubavuni, akaitazama nyuma, akapuliza vumbi, kisha akasema kama mtu anayejibu matusi, "Nani amesema hakuna anayeijua? Mimi ya kwangu ninaiandikia barua za kanisa mpaka leo." Akavuta kiti.

Nikamwambia angoje. Kwetu kitu kipya hakianzi kazi hivi hivi. Nikaleta chetezo nikaifukiza ubani pembezoni, nikachukua mrashi nikanyunyiza marashi kidogo mezani, machache yakaingia kwenye vibonye. Mwalimu akakohoa, akainuka mbio akafuta kwa upindo wa sketi yake.

"Umeibatiza mashine?"

"Sisi hatubatizi. Nimeikaribisha."

"Umeikaribisha kwa maji! Hata mgeni wa kweli hamwagiwi maji usoni!"

"Ya waridi lakini."

Kibonye cha S kilinata tangu siku ile, na ukikibonyeza sana ilitoka harufu nzuri. Alinitajia jambo hilo kwa miaka.

Ufundishaji wake ulikuwa wa ukatili. Hakugusa kibonye hata kimoja. Aliweka mikono nyuma, akasimama begani kwangu, akaamuru.

"Washa."

"Wapi?"

"Tafuta."

Nikatafuta. Kulikuwa na kijiti ubavuni, nikakisukuma. Ikalia mlio mmoja, ikanguruma, kioo kikawa cheusi, kisha maandishi meupe yakapanda kama siafu. Mwisho yakasimama, na kijiti kidogo kikawa kinapepesa, kinaningoja.

"Kimeandika nini?"

"Sijui. Ni Kiingereza."

"Sijakuuliza lugha. Nimekuuliza kimeandika nini. Soma."

"Mwalimu, mimi sikusoma."

"Hukusoma jana. Leo uko hapa. Soma herufi."

Nikasoma herufi moja moja, kwa sauti, mimi mwanamke mwenye wajukuu, na wateja mlangoni wanasikia. Uso uliniwaka. Nilitaka kumfukuza. Nilipofika mwisho akaniambia maana yake: kompyuta yauliza leo ni tarehe ngapi na sasa ni saa ngapi. Ndani yake mna betri ndogo ya kukumbuka wakati, na betri hiyo imekufa, haipatikani tena. Kwa hiyo kila ukiiwasha haijui iko siku gani, kama mgonjwa aliyezinduka. Lazima umwambie.

Nikaiambia tarehe, naye akaitazama akaridhika. Kisha paka akaingia, Mwalimu akamrukia na kiatu, na saa nikaiandika peke yangu. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nikaandika nne. Shikeni hapo, nitarudi.

Kwa siku nyingi alinifundisha vitu vichache mno, tena na tena. Kuita jina la programu kwa kuliandika. Kusogeza nukta kwa vibonye vya mishale. Kuweka mchoro, kuutoa, kuuweka kwenye flopi, kile kibamba cha plastiki cha kuhifadhia kazi. Nikikosea, kompyuta iliandika mstari wa Kiingereza, nami nilitaka kubonyeza bonyeza tu mpaka uondoke, kama watu wote. Mwalimu alinipiga kofi mkononi. "Imekuambia kosa lako nawe unaifunga mdomo! Mume wako ulimfanya hivi?" Nikamjibu kuwa mume wangu alikuwa hasemi kosa langu bila kulipata lake. Akacheka, na Mwalimu alipocheka alifunika mdomo kwa kiganja kama mtu aliyefumaniwa.

Alisema simu zimeharibu watu, naye alikuwa nazo mbili. Aliwafundisha wasichana kuwa kuchelewa ni wizi, na kila Jumapili alitoka nyumbani kengele ya kanisa lake imekwisha kulia, anakwenda polepole na kofia yake, hajali. Alikuwa bahili wa sifa kupita kiasi. Nilipochora nakshi yangu ya kwanza kamili kwa nukta, ile tunayoianza chini ya koo kama jani la mkungu, aliitazama muda mrefu akasema, "Upande wa kushoto umepinda." Ulikuwa umepinda kweli. Nakshi hiyo imepinda tangu shangazi yangu, ndivyo ilivyo.

Ramadhani ilipofika hakuniambia kitu. Alikuja saa zake, akasimama begani kwangu katika joto lile, na chai aliyozoea kuinywa dukani kwangu hakuiuliza. Kila baada ya muda alitoka, akapanda ngazi zake, akarudi amejifuta mdomo kama mtoto aliyeiba sukari. Nikamwambia, "Mwalimu, kunywa hapa, mimi sitakufa." Akasema, "Nani amekunywa?"

Sasa nirudi kwenye saa.

Mfumo ule wa zamani ukiorodhesha michoro hauonyeshi picha. Unaonyesha jina, tarehe na saa. Na sheria ya Mwalimu ilikuwa moja: mchoro ukiwa na nakala mbili za jina moja, ile ya mwisho ndiyo inayobaki, inawekwa juu ya ile ya kwanza na kuifunika.

Ilikuja harusi kubwa. Bwana harusi na nduguze walitaka kanzu zenye nakshi yangu ngumu kuliko zote, ile ya mawimbi yaliyoshikana. Athmani akanishika hapo. "Mama, tufanye hivi. Harusi hii ikienda sawa, sisemi tena habari ya vinyago. Ikiharibika, tufunge, watu wasije wakatusema." Na mimi nikasema sawa. Mbele ya mkewe nilisema. Nisingeweza kulirudisha.

Asubuhi saa nne nikaiwasha, ikaniuliza, nikaiambia saa nne. Nikachora nusu ya kola nikaiweka kwenye flopi. Adhuhuri nikaizima, chumba kilikuwa tanuri. Nilipotoka kuswali magharibi, saa moja, nikaiwasha tena, ikaniuliza, nikaiambia saa moja. Nikaimaliza kola mpaka mwisho wa mkia wake unaoshuka kifuani, nikaihifadhi ndani ya kompyuta kwa jina lilelile. Kazi ya kutoa jasho. Nikalala usingizi wa mtu aliyelipwa.

Asubuhi Mwalimu akaja kukagua. Akasimama begani, mikono nyuma. Akaona majina mawili, akatazama saa.

"Hii ya flopi ndiyo ya mwisho. Hiyo ya ndani ni ya zamani. Ifunike."

Nikaifunika. Sheria ni sheria. Kisha nikaufungua mchoro nimwonyeshe, nikaona nusu ya kola. Nusu nyingine haipo. Nikatafuta kila mahali ninapopajua, na palikuwa pachache.

"Umeweka saa gani humu?" akauliza.

"Saa iliyokuwa."

"Saa moja? Saa moja ulikuwa umelala!"

"Saa moja nilikuwa nimetoka kuswali magharibi."

Akafumba macho. "Mama Athmani. Kwa kompyuta siku inaanza usiku wa manane. Saa moja yake ni kabla hata ya alfajiri."

"Usiku wa manane nani yuko macho kuianza siku?"

"Ndivyo ilivyo dunia nzima!"

"Siku yaanza jua likitoka, na saa ya kwanza ndiyo saa moja. Hata wewe wasema saa moja."

"Ninasema saa moja, lakini jioni ninaandika kumi na tisa! Kama kila mtu aliyesoma!"

"Mimi sikusoma."

"Usijifichie huko tena!"

"Na wewe mwalimu umekaa Mombasa umri wako wote, hukujua watu unaokaa nao wahesabu vipi? Umetazama saa yako, hukutazama yangu. Wewe ndiwe uliyesema funika."

Tulipandishana sauti mpaka wapita njia wakasimama. Mwisho akachukua mkoba wake, akasimama kizingitini, akaniambia neno moja ambalo hata leo nikilikumbuka damu yachemka. "Basi shona mawaridi."

Akapanda ngazi zake. Akafunga dirisha.

Harusi ilikuwa Ijumaa, na siku zilikuwa zimebaki kidogo. Ningeweza kumfuata, naye angeshuka, najua angeshuka. Ningeweza kumwita Athmani. Sikwenda popote. Nikamwambia msichana anayeniuzia mbele ya duka asimruhusu mtu kuingia, nikaketi mbele ya kile kioo cheusi, nikaanza upya.

Vidole havikuhisi kitu. Nikafumba macho nikahesabu tundu za kitambaa kisichokuwepo, kama nilivyohesabu mkekani, na kila hesabu nikabonyeza mshale. Stima ikapotea mara ya kwanza, na betri kubwa ya laptopu nayo ilikuwa imekufa zamani, nikapoteza mawimbi mawili. Tangu hapo kila wimbi likikamilika nililihifadhi kwanza. Stima ikapotea tena, nikaiwasha, ikaniuliza saa ngapi, na mimi nikaiambia saa yangu, ileile ya kwetu, kwa makusudi. Sikuwa tayari kubadilisha jua kwa sababu ya betri iliyokufa. Lakini majina nikayabadilisha. Mchoro wa asubuhi nikautia A mwishoni, wa usiku nikautia U. Hakuna aliyenifundisha. Mara moja kompyuta ikaandika mstari wa Kiingereza sijapata kuuona. Nikausoma herufi kwa herufi, nikalipata neno moja ninalolijua, "full", ambalo liko kwenye mlango wa hoteli. Flopi imejaa. Nikatia nyingine.

Kola ilitoka. Kanzu zilikwenda. Ijumaa baada ya nikaha mzee mmoja wa upande wa bibi harusi alimshika bwana harusi kooni, si kwa mkono wa tahania na pongezi, kwa mkono wa kupima kazi, akauliza, "Nakshi hii siku hizi bado yashonwa?" Athmani alikuwa karibu. Alikuja dukani kesho yake, akakuta soketi ya ukutani imelegea, akaitengeneza, akaondoka. Vinyago havikutajwa tena, na mimi sikumsukuma.

Mwalimu alikaa siku kadhaa bila kushuka. Paka walilishwa, hilo nililiona. Kisha asubuhi moja akasimama mlangoni.

"Unaandika saa gani sasa?"

"Saa zangu. Lakini natia A na U."

Akafikiri, akikunja midomo. "Hiyo si kanuni."

"Ni kanuni yangu."

Akavuta kiti. "Washa."

Hakuna aliyeomba radhi. Tungengoja radhi tungekuwa tunangoja mpaka leo. Baadaye nikamsikia dirishani akimfokea msichana mmoja wa taipu aliyempa kazi isiyo na tarehe: "Wenzako chini wametengeneza kanuni yao, wewe hata tarehe huna!" Alidhani siku hiyo sikuwapo.

Niseme lingine la mwisho juu yake, kwa sababu watu humkumbuka kwa ukali tu. Alipoumwa, mpwa wake alimchukua akamweka kwake Kizingo, katika nyumba kubwa yenye miti na lango, huko ambako jirani humjui kwa uso, wamjua kwa gari lake. Nilikwenda kumtazama, nikamkuta amekasirika. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama wa mtu mwingine. Walikuwa wamemwekea kompyuta mpya, nyembamba, ya kuizungumzia kwa mdomo ikaandika yenyewe. Alikuwa ameifunika kwa taulo.

"Mkono mmoja umekufa," akaniambia. "Mwingine haujaambiwa." Na akanionyesha barua aliyoipiga kwa mkono wa kushoto peke yake, kwenye mashine yake ya zamani, haina kosa.

Mara ya mwisho tulionana dukani kwangu. Mpwa wake alimleta kwa gari mpaka linapoweza kufika, na kutoka hapo akatembea, akakataa kushikwa. Aliketi. Akatoa mkobani gauni jeupe la kanisa, jipya, akaliweka mezani.

"Nataka ile ya mawimbi. Kooni."

"Mwalimu, hiyo ni ya kanzu. Ya wanaume. Ya Waislamu tena."

"Nimekuuliza ni ya nani?"

Mpwa wake, mwanamke wa ofisi, mwenye heshima zake, akaizunguka laptopu akitabasamu. "Shangazi, kumbe hii bado inafanya kazi? Mama, mbona hamnunui mpya?"

Mwalimu akamwambia, "Muulize mwenyewe, yuko hapo."

Nikamwambia, "Mwanangu, mpya yaijua dunia nzima. Hii yanijua mimi."

Nikaiwasha. Nikaandika tarehe. Nikaandika saa. Nikaita mchoro, nikautuma kwa mashine, nikalitandaza gauni, nikalibana. Mashine ikaanza. Wimbi la kwanza likatoka, uzi mweupe juu ya nguo nyeupe, kazi ambayo huioni mpaka uitie mwanga. Halikwisha wimbi la pili, stima ikapotea. Mpwa akasema, "Aa, pole!" Mwalimu akasogeza kiti chake nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake tu begani kwangu. Stima iliporudi nikaanza tena, nikaitafuta tundu ambapo sindano ilisimama, nikairudisha papo hapo, hakuna aliyeniambia fanya hivi. Kola ikaisha. Nikazikata nyuzi nikampa.

Akaipitisha chini ya kidole gumba cha kushoto, polepole, kutoka koo mpaka mkia.

"Siku hizi nani anakuwashia mashine asubuhi?"

"Hakuna mtu."

"Ikigoma?"

"Naisoma."

Akalikunja gauni kwa mkono mmoja, akakataa msaada, akalitia mkobani. Kisha akainuka.

"Basi mimi sina kazi hapa."

Watu wanaomjua wakisikia hivyo hudhani alinikasirikia. Mimi nilijua nimepewa nini. Nilimsindikiza mpaka kwenye pembe, nikasimama hata gari likaondoka. Hatukuonana tena. Amezikwa kwao bara, na mpwa wake aliniletea habari kuwa amezikwa na gauni lile.

Leo nina haya. Nyumba ya ghorofa moja, ya urithi wa mama, niliyoiezeka upya. Duka moja, mlango wazi kwa uchochoro. Mashine ya kutarizi. Laptopu moja inayofanya kazi, na nyingine ya aina yake iliyokufa, ya Mwalimu, ambayo mpwa wake aliniletea, naitolea vipuri. Sanduku la flopi. Vidole vitatu visivyohisi, saba vinavyohisi. Nakshi zangu zote, zile za shangazi na zile zangu, zimewekwa mara mbili. Wasichana wawili ninaowafundisha, nao hulia, na mimi siwahurumii. Mtoto mmoja aliyeacha kuniambia nipumzike. Na ufunguo wa duka. Ni mmoja, na ninao mimi.